Nchi Isiyo na Ila

Hapo zamani za juzi palikuwa na nchi isiyo na jina. Jina ilikuwa nalo, likapelekwa kupigwa rangi kwa ajili ya sherehe, na mpaka leo halijarudi.

Watu wa nchi hiyo walikuwa na adabu kupindukia. Ukimkuta mmoja wao nyumba yake inaungua, ukamwuliza habari za asubuhi, alikujibu nzuri. Ukamwuliza za nyumbani, alikujibu nzuri. Za watoto? Nzuri. Hapo ndipo alipovuta pumzi na kusema, "Ila nyumba inaungua. Una ndoo?"

Ndivyo walivyolelewa. Kwanza nzuri tatu, kisha ila. Nzuri ilikuwa baraza ya mbele, mahali pa kumpokea mgeni kwa uso mkunjufu na kanga isiyo na kunyanzi. Ila ilikuwa uwani, mahali pa kuvua viatu vinavyobana. Hakuna aliyeona ajabu nyumba moja kuwa na baraza na uwa.

Siku moja akaja mgeni wa taifa, mtu wa nchi za mbali, mwenye kofia pana na daftari dogo. Alikuwa amejifunza salamu kwa siku tatu, akawa na hamu ya kuzitumia. Sokoni akamsimamisha muuza mkaa.

"Habari, bwana?"

"Nzuri, mgeni wetu. Nzuri, nzuri. Ila maji hatujayaona tangu mwezi wa Februari."

Mgeni akaandika jambo kwenye daftari. Hakuna aliyejua ameandika nini. (Baadaye ilibainika kwamba alikuwa akichora kofia ya muuza mkaa.) Kabla ya adhuhuri Wizara ya Salamu na Nyuso ilikuwa imekwisha kuundwa, ina waziri, ina muhuri, na magari yake yamekwisha kuharibika.

Waziri alikuwa Mheshimiwa Kitwana Kiroja, mtu mwenye mashavu mawili ya kazi na kidevu kimoja cha akiba. Alipanda jukwaani akiwa ameshika kamusi.

"Ndugu wananchi! Nimefungua kitabu hiki kwa mikono yangu mwenyewe. Nimesoma neno *ila*. Mnajua maana yake nyingine? Dosari! Doa! Kasoro! Kumbe kila mwananchi anaposema *nzuri, ila*, analipaka taifa doa mbele ya wageni! Kuanzia leo ila imefutwa. Tutakuwa nchi isiyo na ila!"

Wakampigia makofi. Na kweli, ukisikiliza kwa sikio moja tu, lilikuwa jambo zuri.

Watu wakahamia kwenye *lakini*. Lakini ikafutwa. Wakahamia kwenye *isipokuwa*, nayo ikafutwa. Wakaanza kukohoa baada ya nzuri ya tatu. Kikohozi kikawekewa masharti. Mwishowe hata kunyamaza kidogo baada ya nzuri kulipigwa marufuku, kwa jina la Kituo cha Mashaka. Wakaguzi wa Nyuso wakatembea mitaani wakiwa na filimbi shingoni na rula mfukoni, maana tabasamu la raia mtu mzima lilitakiwa kuwa sentimita saba, na la mjane sita na nusu, kwa kumhurumia.

*

Katika Wizara hiyo alifanya kazi msichana mmoja, karani, mwenye haya nyingi kiasi kwamba alipopiga chafya aliomba radhi kwa mlango. Jina lake Siwema.

Jina hilo lilileta shida tangu siku ya kwanza.

"Siwema?" mkurugenzi alisoma. "Si wema? Katika Wizara hii?"

"Ni jina la bibi yangu, bwana," alijibu, akitazama vidole vya miguu yake.

"Bibi yako alikuwa na matatizo gani?"

Wakamkata silabi ya kwanza. Kwenye beji yake wakaandika WEMA, naye akaivaa kifuani kama mtu anayevaa viatu vya dada yake.

Kazi yake ilikuwa kupiga chapa majibu yaliyoidhinishwa. Za kazi? Nzuri. Za ndoa? Nzuri sana. Za marehemu? Nzuri, anaendelea vizuri. Alipiga chapa siku nzima bila kumdhuru mtu, au ndivyo alivyojiambia.

Nyumbani alikuwa na mama yake tu, Bi Sikitu, mshona mito. Mito ya Bi Sikitu ilijulikana mji mzima: sufi safi, iliyochambuliwa kokwa moja moja, ikafungiwa katika kitambaa kilichoshonwa mshono mdogo kama mstari wa sisimizi.

"Mto mzuri, mwanangu," alikuwa akimfundisha, sindano ikiwa kati ya midomo, "hauonyeshi kilichomo ndani. Macho yatasifu kitambaa. Anayeujua ukweli ni yule atakayeulalia."

Sufi ile ya miaka arobaini ikamwingia kifuani. Alianza kukohoa kikohozi kisicho na kibali. Alipoulizwa na binti yake, alijibu kwa jina lake mwenyewe: "Si kitu."

Asubuhi aliposhindwa kuinua sindano, Siwema alimshika mkono wakaenda zahanati.

Mlangoni palikuwa na Mkaguzi wa Nyuso, Bwana Mbaruku, filimbi mdomoni. Ndani, mganga alikuwa ameinamia fomu. Fomu ilikuwa na maswali matatu, na mbele ya kila swali kisanduku kimoja, kimekwisha kuandikwa *Nzuri*; kazi ya mganga ilikuwa kutia alama tu.

"Habari za leo, bi mkubwa?"

"Nzuri, mwanangu."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Za afya?"

Siwema alimminya mama yake mkono. Bi Sikitu alikuwa mtu wa adabu. Angewezaje kumtupia mtoto wa mwenzake maradhi usoni kabla salamu hazijakwisha? "Nzuri," alisema. Akavuta pumzi kwa shida. "Il—"

Fiiiriii! Filimbi ikalia.

Mganga hakuinua macho. Alitia alama ya tatu, akachukua muhuri, akagonga: MZIMA.

"Daktari," Siwema alisema, kwa sauti ambayo ilimbidi mtu ainame kuisikia, "mama kifua..."

"Naisikia ila ndani ya sentensi hiyo," alisema Bwana Mbaruku. "Haijatamkwa, nami nimeisikia. Bibiye, wewe si mtumishi wa Wizara? Unataka kunitia aibu mbele ya wagonjwa? Samahani, mbele ya wazima?"

Siwema akatazama vidole vya miguu yake. Akamshika mama yake mkono wakatoka.

Njiani mama yake ndiye aliyembembeleza. "Si kitu, mwanangu. Si kitu."

Alhamisi, saa sita mchana, Bi Sikitu akafa, cheti cha uzima kikiwa chini ya mto wake.

*

Siwema alikwenda ofisi ya vizazi na vifo. Karani wa pale alikuwa kijana mwema, mwenye tabasamu la sentimita saba kamili.

"Huyu ni mzima," alisema, akigeuza cheti. "Muhuri huu hapa."

"Amekufa, kaka yangu."

"Mzima. Kisha amekufa." Kijana akakuna kichwa. "Sasa, dada, sentensi hizi mbili nitaziunganishaje? Kiunganishi si kimefutwa?"

"Basi andika ya pili peke yake."

"Nitaifuta vipi ya kwanza? Serikali haijawahi kukosea. Nikupe ushauri wa bure?"

Ushauri wenyewe ulikuwa kibali cha kupanda mti. Kwa kibali hicho mtu aliruhusiwa kuchimba shimo la futi sita, kuweka alichonacho, na kufukia. Ndivyo alivyozikwa Bi Sikitu, mshona mito, mbele ya majirani waliokuwa wakitabasamu huku machozi yakiwatiririka kwenye pembe za tabasamu. Bwana Mbaruku alikuwepo na rula yake.

"Habari za shughuli?" alimwuliza mfiwa.

"Nzuri," alijibu mfiwa.

Baada ya wiki mbili akaja bwana misitu na daftari kuuliza kama mti umeota. Baada ya wiki tatu ikaja hati ya kumwita Bi Sikitu Wizarani, aeleze kwa nini hakuonyesha tabasamu lake siku ya gwaride. Aje mwenyewe. Aje anatabasamu.

Siwema aliisoma hati hiyo mara mbili. Aliitambua. Ilikuwa imepigwa chapa kwa mashine yake mwenyewe, ile yenye herufi *a* iliyovunjika mkia. Alikuwa ameipiga asubuhi ya Jumatatu, kati ya hati mia mbili, bila kusoma majina.

Alitaka kulia, lak— naam, hakulia. Alikaa kwenye mkeka wa mama yake, katikati ya sufi iliyobaki, na moyo wake uliokuwa laini kama sufi hiyo ukaingiwa na kokwa moja. Hakutaka wamfufue, hilo halimo katika uwezo wa Wizara. Alitaka jambo dogo tu: iandikwe kwamba mama yake alikufa, na kwa nini. Na aliyefuta lile neno aliandike tena kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu, huku akiwa ameumia mahali asipoweza kupataja.

*

Mwaka ulikuwa unatimia. Mheshimiwa Kiroja alitaka Siku ya Kutokuwa na Ila ifanyike kwa kishindo. Mgeni mwenye kofia pana alikuwa amealikwa tena, na daftari lake.

Siwema aliingia ofisini kwake na karatasi mkononi.

"Ni nini hicho, Wema?"

"Ni kanuni za sherehe, Mheshimiwa. Nilifikiri... raia wote wapite jukwaani, mmoja mmoja, wakujulie hali. Ukijibu nzuri mara elfu tatu mbele ya mgeni, nani tena atakuwa na shaka?"

Mheshimiwa akasoma. Kanuni ya nne ilisema: *Mheshimiwa hatainuka kitini mpaka raia wa mwisho awe amemjulia hali.* Akaisoma kwa sauti, mara mbili, kama mtu anayekariri shairi alilotungiwa.

"Hatainuka! Naam! Kama mlima!" Akatia saini. "Kukaa siku nzima kutataka mto, eh? Nimesikia mama yako ni mshonaji hodari. Bado mzima?"

"Muhuri unasema hivyo, Mheshimiwa."

"Anishonee mto wa heshima, basi. Na nisikutane na kokwa!"

"Hutakutana na kokwa hata moja, Mheshimiwa," Siwema alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe tabasamu lake lilifika sentimita saba bila kujilazimisha.

Nyuma ya machimbo ya kokoto kuna vichaka ambavyo mbuzi wenyewe huvizunguka kwa mbali. Huko huota upupu, maganda yake yamevaa manyoya ya rangi ya dhahabu, mazuri mno kuyatazama. Siwema alifunga mikono kwa matambara, akayakwangua moja moja ndani ya mfuko. Kisha akaketi kwenye mkeka wa mama yake akashona: chini sufi, juu ya sufi upupu, juu ya upupu kitambaa cha shashi ya kijani, chenye matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Ukiugusa kwa kidole, laini. Ukiukalia kwa uzito wa waziri, mto utapumua upupu.

Matambara hayakumkinga vya kutosha. Siku tatu mikono ilimwasha mpaka akajisugua ukutani. Wenzake ofisini walimwuliza habari. Nzuri, alisema.

Bwana Mbaruku alikuja kuukagua mto. Aliubonyeza kwa kidole, akausifu mshono, akaugongea muhuri mkubwa pembeni: HAUNA ILA. Siku mbili zilizofuata alionekana akisugua kidole kile nyuma ya suruali. Walipomwuliza, naye alisema nzuri.

*

Siku ikafika. Uwanja ulijaa. Mgeni wa taifa aliketi mstari wa mbele, penseli imechongwa. Jukwaani Mheshimiwa Kiroja alishuka juu ya mto wake wa kijani kama kuku anayeatamia.

"Habari za asubuhi, Mheshimiwa?" alisema raia wa kwanza.

"Nzuri!"

Wa kumi: nzuri. Wa thelathini: nzuri, akajisogeza kidogo. Wa hamsini: nzuri, akajisogeza upande wa pili. Kufika wa sabini, kidevu cha akiba kilikuwa kinacheza peke yake. Tabasamu lilikuwa palepale, limebandikwa. Chini yake mwili wote wa serikali ulikuwa ukizunguka kama jiwe la kusagia.

Raia wa themanini alikuwa Mama Chausiku, jirani wa marehemu Bi Sikitu. Ulimi wake ulikuwa umefungiwa mwaka mzima, na sasa macho yake yalimwona waziri akijisugua kwenye kiti.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba."

"Habari za kukaa?"

"Nzuri!"

"Za hapo ulipokalia?"

"Nz... nzuri!"

"Za ndani ndani?"

"Nimesema nzuri, mama! Pita!"

"Napita, baba, napita. Sijauliza za shangazi zako." Akauliza za shangazi. Akauliza za kuku. Akauliza za mume wa kwanza wa shangazi. Kisha akashuka, akazunguka nyuma ya uwanja, akasimama tena mwisho wa foleni.

Watu si wajinga. Nong'ono likapita katika foleni kama moto kwenye nyasi, na tangu hapo hakuna aliyeuliza swali moja tu. Wakamwuliza za mvua, za jirani, za jirani wa jirani. Mzee mmoja, ambaye hajazungumza tangu lakini ifutwe, alimwuliza za kila kidole. Na kila aliyeshuka alirudi nyuma, foleni ikawa duara, na duara halina mtu wa mwisho.

Adhuhuri, machozi yakimbubujika juu ya tabasamu, Mheshimiwa Kitwana Kiroja aliinuka na kupasua anga:

"NZURI! NZURI! NZURI! ILA NAWASHWAAA!"

Kisha, kwa mazoea tu, maskini, Bwana Mbaruku akapuliza filimbi. Akamshika waziri mabega, akamkalisha tena kwa heshima. "Kanuni ya nne, Mheshimiwa. Una saini yako pale."

"Ni huu mto! Uondoeni huu mto!"

Bwana Mbaruku akainama, akasoma muhuri. "Mto hauna ila, Mheshimiwa."

Akaletwa mganga wa zahanati, mbio, na fomu yake.

"Habari za leo, Mheshimiwa?"

"Nawashwa, mpumbavu wewe!"

Mganga akatafuta juu, akatafuta chini. "Sina kisanduku cha nawashwa. Ulikiondoa mwenyewe." Akatia alama tatu pale zilipotakiwa kutiwa, akagonga muhuri: MZIMA.

Hapo Siwema akapanda jukwaani akiwa amebeba rejesta ya Wizara. Hakutazama vidole vya miguu yake. Alitazama uso wa waziri, akaona kwamba ule uso, kwa mara ya kwanza, ulikuwa uso kweli: haukupangwa, umelowa, unaomba.

"Mheshimiwa, ila inaweza kurudishwa kwa saini yako. Karatasi ninayo."

"Lete! Lete, mwanangu! Andika: Mheshimiwa mzima, ila anawashwa!"

"Nitaandika. Kuna aliyetangulia kwenye foleni."

Akamwekea rejesta magotini na kalamu mkononi. "Andika wewe. Ninakusomea. *Sikitu, mshona mito, aliandikwa mzima, ila alikufa, kwa sababu alizuiwa kusema anaumwa.*"

Kalamu ikasimama. "Haya yatanifunga jela."

"Habari za kuwashwa, Mheshimiwa?"

"Nz..." alianza waziri, akauma ulimi, akaandika. Aliandika neno kwa neno, hata ila yenyewe. Akatia saini. Mama Chausiku, chini, akapiga yowe la kilio, lile lililokuwa linamngoja tangu shimo la futi sita. Na wanawake wengine wakalipokea, midomo wazi, bila sentimita.

Siwema akakausha wino kwa pumzi yake. Akafunga rejesta, akaikumbatia.

"Sasa dawa!" waziri alimshika pindo la kanga. "Wewe ni mtoto wa mshona mito. Unaijua dawa! Wema, mwanangu, nakuomba..."

Dawa ya upupu kila mtoto anaijua: majivu ya jikoni, makavu, unajipaka. Siwema alikuwa ameyafunga tangu asubuhi kwenye pindo lilelile alilokuwa akivuta waziri, kwa sababu aliujua moyo wake na alijua kwamba ungemsumbua. Na kweli ulimsumbua. Vidole vyake vikaenda kwenye fundo. Vikaligusa.

"Siwema," alimsahihisha, na sauti ile ilisikika mpaka nyuma ya uwanja. "Dawa ipo, Mheshimiwa. Ninayo hapa."

Akavuta pumzi, kama alivyovuta mama yake.

"Ila," alisema.

Hakuna filimbi iliyolia. Waziri alingoja sentensi imalizike, mdomo wazi. Siwema alichomoa pindo lake mkononi mwa waziri, taratibu, akashuka ngazi za jukwaa, akaenda zake na rejesta kifuani.

Nyuma yake foleni ikasogea hatua moja.

"Habari za mchana, Mheshimiwa?"